Usiifute Java ya Zamani

Leo nina neno kuhusu ushauri wanaopewa kila mahali vijana wanaoanza kuandika programu: futa toleo la zamani, weka jipya. Mimi napinga, hasa kwa niaba ya kijana wa Makwasinyi au Bungule, huku chini ya mlima Kasigau, anayeshusha kila kitu kwa bando ya simu. JDK moja ni karibu megabaiti 200. Ukiifuta leo na kesho ukaihitaji, utailipia mara ya pili.

Na utaihitaji. Chukua OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004, ambao AMPATH ya Eldoret ilihusika nao tangu mwanzo. Ndio msingi wa KenyaEMR, inayotumika katika vituo vya afya humu nchini. OpenMRS Platform 2.0 ilitaka Java 8, toleo la mwaka 2014. Chuoni nako unafundishwa kwa Java 17 ya 2021 au 21 ya 2023. Si kweli kwamba jipya huendesha kila cha zamani: Java 11 iliondoa JAXB, na Java 17 ikafunga milango ya ndani ambayo programu nyingi zilizoea kupitia.

Basi kaa nazo zote mbili. Kwenye Ubuntu au Debian andika `sudo update-alternatives --config java`, kisha uchague namba. Lakini angalia, ndugu msomaji: `javac` ina swichi yake. Ukirudisha `java` kwenye 8 na kuisahau `javac` kwenye 17, utatengeneza programu ambayo mashine yako yenyewe itaikataa kwa UnsupportedClassVersionError. Amri ya `update-java-alternatives` hubadilisha zote kwa pamoja.

Hata hivyo swichi hiyo siipendi kwa kazi za kila siku. Ni swichi ya nyumba nzima! Tuseme mwanafunzi yuko zahanati kwa mafunzo, na kompyuta ni moja tu. Anageuza Java iwe 17 afanye zoezi lake, hakuna kinachoharibika, anaenda zake. Usiku umeme unakatika. Asubuhi mashine inawaka, Tomcat iliyosakinishwa kwa mkono bila JAVA_HOME inachukua `java` inayoikuta, yaani 17, na mfumo wa wagonjwa unagoma. Foleni iko nje, na hakuna anayekumbuka zoezi la jana.

Afadhali kila programu iambiwe Java yake. Ya Tomcat iandike ndani ya faili la `bin/setenv.sh`, JAVA_HOME ikielekea folda ya Java 8. Wewe unayejifunza, fungua dirisha lako la amri, weka `export JAVA_HOME=` na njia ya folda ya 17, halafu `export PATH=$JAVA_HOME/bin:$PATH`. Ukifunga dirisha, yote yamekwisha na hujamgusa mtu.

Wapo watakaosema toleo la zamani ni hatari kwa usalama. Hoja hiyo naiheshimu, ila Java 8 bado inatolewa viraka, kwa mfano kupitia Eclipse Temurin. Weka kiraka kipya kila kinapotoka.