Farasi walikufa, mzigo ukabaki kichwani

Juzi tukinunua kiondo sokoni Kariokor, mwanangu wa darasa la sita aliniuliza: "Mama, Kariokor alikuwa nani?" Ndugu msomaji, labda nawe umepita hapo miaka nenda miaka rudi bila kujiuliza.

Vita kati ya Uingereza na Ujerumani vilipozuka Agosti 1914, walowezi walimiminika Nairobi na farasi wao, wakaunda kikosi cha East African Mounted Rifles. Baadhi ya makundi yake yaliitwa kwa majina ya viongozi, kama Bowker's Horse na Wessel's Scouts.

Desturi hiyo ni ya kale huko Ulaya. Katika jeshi la Prussia, Ujerumani, karne ya 18, rejimenti ya wapanda farasi wazito, wenye bamba la chuma kifuani, kwa kawaida ilikuwa na skwodroni 5, nayo ilijulikana kwa jina la mkuu wake. Mkuu akibadilika, jina nalo hubadilika.

Lakini nyika yetu haimjui mkuu. Mbung'o waliwauma farasi, nao wakafa kwa wingi. Wajerumani waliotawala Tanganyika walitegemea kampuni 14 za askari wa miguu, kila moja na wapagazi wake. Waingereza nao ikawalazimu kutafuta vichwa vya kubebea chakula na risasi.

Ndipo ikaja Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Wengi walikamatwa vijijini kwa nguvu, hasa mwaka 1917. Kila mmoja alibeba ratili 50 hivi, karibu nusu ya mfuko wa saruji, siku baada ya siku. Waliokufa walizidi 40,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na unga usioiva.

Watu wakalitamka jina hilo Kariokor. Dar es Salaam likawa Kariakoo. Bowker alipewa kundi lenye jina lake. Wapagazi wengi hawakupewa hata kaburi lenye jina, jambo ambalo tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwalo mwaka 2021.

Nilimjibu mwanangu: "Kariokor si mtu mmoja. Ni babu za watu."

Mkipita Kenyatta Avenue, waonyesheni watoto ile sanamu ya watu watatu. Mmoja wao ni mpagazi.