Baba Mdogo kakalia petroli!

Msomaji wangu, kichwa bado kinaniwanga. Na wewe mwenye mawazo ya haraka, usianze kunisingizia mambo ya baa. Kichwa kinaniwanga kwa harufu ya petroli.

Jumamosi nilikwenda Morogoro kumsalimia Baba Mdogo. Mzee huyu ana pikapu yake Land Rover 109, ya mwaka 1974, ambayo kwa miaka nenda rudi kazi yake ni kushusha kabichi na karoti kutoka milima ya Mgeta mpaka mjini. Rangi ilishaaga dunia zamani, mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba, lakini ukipiga stata inaitika. Mzee anaipenda kuliko sisi watoto wake, na hafichi.

Nikamkuta njia panda ya Sangasanga kasimama kuningoja. Shikamoo Baba, marahaba mwanangu, panda twende. Nikapanda. Nikaangalia kiti cha katikati, hakuna mtu. Mama Mdogo yuko wapi? Mzee akanyamaza, akaonyesha kwa kidole gumba nyuma. Kugeuka, namuona Mama Mdogo, mtu mzima wa miaka sitini na ushee, yuko juu ya magunia ya kabichi, kanga kajifunga kichwani, anapigwa na upepo wa lami kama mpiga debe!

"Mwanangu," akaniambia tulipofika nyumbani, "mimi juu ya bomu sikai. Nina wajukuu."

Sasa kama hujawahi kuendesha hizi 109, ngoja nikueleze ujue mama wa watu ana hoja. Tangi la mafuta la pikapu hii liko chini ya kiti cha dereva. Sisemi karibu na kiti. Chini yake! Unanyanyua mto, unatoa kipande cha bati, unaliona hilo hapo limelala. Linachukua galoni 10 za Kiingereza, lita 45 hivi, maana yake likijaa Baba Mdogo kakalia zaidi ya kilo 30 za petroli huku anapiga mluzi. Na zile za kwanza kabisa, za kabla ya 1958, zilikuwa balaa zaidi. Ukitaka kujaza mafuta dereva anashuka, mto unanyanyuliwa, mafuta yanamiminwa palepale anapokaa. Hizi za baadaye angalau mdomo wa kujazia umetolewa nje ubavuni.

Wazungu hawakuwa wehu. Gari ile ilikusudiwa kupita mashambani na kwenye mito, na hapo chini ya kiti tangi liko juu kidogo, mbali na mawe, karibu na injini, na nyuma kote kunabaki nafasi ya mzigo. Tatizo ni kwamba gari lina miaka hamsini na, mwenye gari ana kichwa kigumu.

Harufu ilianza mwaka jana, kidogokidogo. Mama Mdogo alisema, mzee akajibu gari la petroli linanuka petroli, ulitaka linuke asumini? Mvua za masika zilipokuja, madirisha yakafungwa, mama akatapika njiani mara mbili. Ndipo akahamia kwenye kabichi.

Na usimcheke. Mama Mdogo anaishi Morogoro. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Mtu wa Morogoro ukimwambia petroli ni kitu cha kawaida anakutazama tu. Hakuongeza neno lingine juu ya siku hiyo, wala mimi sikumuuliza.

Basi nikafanywa hakimu, maana kwenye ukoo wetu mtu akiandika gazetini basi anajua kila kitu, kuanzia siasa mpaka nyonga. Mama anataka tangi lihamishwe nyuma. Mzee hataki gari lake lichokonolewe. Katikati kuna fundi, kijana mmoja wa gereji chini ya mwembe, ambaye yeye ana jibu tayari: atakata bati, atachomelea tangi jipya la mraba, atalifunga nyuma kabisa karibu na bampa, siku mbili kazi imekwisha. Bei sawa na gunia kadhaa za karoti.

Nakiri mbele yako msomaji, siku ya kwanza nilikuwa upande wa mama. Moto na mtu visikae kiti kimoja. Nani atapinga? Nikalala nikijua hukumu yangu.

Lakini usiku nikakumbuka kesi za Wamarekani. Unajua wenzetu kule ndio mabingwa wa pikapu, na wao mkasa huu waliupitia kabla yetu. Pikapu za Chevrolet na za Ford mpaka za mwaka 1972 zilikuwa na tangi ndani kwa dereva, nyuma ya mgongo wa kiti. Unaendesha, petroli inacheza chwa chwa kisogoni. Mpaka leo wapo wanaozitunza pikapu hizo, na hawaishi kubishana: tulitoe tusitoe? Wengi wanalitoa, wanafunga nyuma chini ya bodi, katikati ya vile vyuma viwili virefu vya chesisi, tangi la gari la Blazer.

Kwa modeli za 1973 makampuni yenyewe yakahamisha. Ford wakalishusha chini ya bodi. General Motors, wenye Chevrolet na GMC, wakalitoa ndani wakaliweka ubavuni, nje ya vyuma vya chesisi, na ukitaka unapewa mawili, moja kila upande. Watu wakafurahi, harufu imekwisha, nafasi imepatikana. Kumbe! Gari likigongwa ubavuni, kati ya mgongaji na petroli kuna bati tu. Kesi zikaanza kumiminika. Februari 1993 baraza la mahakama mjini Atlanta likaamuru kampuni ilipe dola milioni 105 kwa wazazi wa kijana aliyekufa kwa moto kwenye pikapu hiyo, ingawa mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilitengua hukumu ile. Oktoba 1994 Waziri wa Usafirishaji, Federico Peña, akatangaza kwamba magari yale yana kasoro. Desemba wakapatana: kampuni itoe zaidi ya dola milioni 51 kwa miradi ya usalama, magari yasirudishwe kiwandani.

(Na sisi waandishi tusijifanye malaika. Televisheni ya NBC ilionyesha pikapu hiyo ikigongwa na kuwaka, Novemba 1992. Baadaye ikagundulika walikuwa wamefunga vifataki chini ya gari ili moto usikose kutokea. Februari 1993 wakaomba radhi hadharani. Aibu iliyoje, tena kwa habari ambayo hata bila vifataki ilikuwa habari.)

Basi ukisikia hivyo unasema sawa, liwekwe nyuma kabisa kama fundi wa mwembeni anavyotaka. Hapo ndipo unakutana na Ford Pinto, gari dogo la miaka ya sabini. Tangi lake lilikuwa kati ya bampa la nyuma na defu. Likigongwa nyuma, tangi linasukumwa linakwenda kutobolewa na boliti za defu. Mwaka 1978 kampuni ikaita gari milioni 1.5 zikafanyiwe marekebisho.

Alfajiri nimekaa kitandani najiuliza: Baba Mdogo anagongwa wapi? Kule Mgeta anakwenda mwendo wa konokono, akigongwa huko labda na mbuzi. Hatari yake iko pale anapotokea Sangasanga na kuingia barabara kuu ya Iringa, na malori ya Zambia na Kongo yanateremka nyuma yake yana haraka ya bandari, naye yuko kwenye kilomita 50 kwa saa, taa moja ya nyuma haiwaki. Sasa fundi anataka kumning'inizia petroli mkiani, kwenye bati la kuchomelea, mbele ya bampa la lori!

Asubuhi nikamwambia mzee, Baba, kabla hatujahamisha kitu, tufungue tuone harufu inatoka wapi. Akaguna. Akaleta spana.

Ndugu yangu, tulichokikuta chini ya ule mto ni hadithi nyingine kabisa. Kwanza ule mpira mnene unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi umepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi. Pili, pale juu linapofungwa floti la geji ya mafuta, gasketi imekauka, ukigusa inakuwa unga. Tatu, na hapa mzee alitazama pembeni, mpira wa kupeleka mafuta mbele ulikuwa ni mpira wa kumwagilia bustani. Petroli inaula ule mpira, unalainika, halafu unakuwa mgumu unapasuka. Nani kauweka? Kimya.

Tukaingia chini ya uvungu. Kitako cha tangi kina tope la Mgeta la masika mangapi sijui, na ndani ya tope kutu, na kwenye kutu kuna kitu cheupe. Sabuni! Sabuni ya kipande, ile ya kufulia, imesukumwa kwenye tundu kuziba mafuta. Madereva wote tunaijua dawa hiyo, inakufikisha nyumbani. Ila mzee alikuwa nayo tangu mwaka jana.

"Kumbe sabuni zangu zinaishia huku," akasema Mama Mdogo, aliyekuwa kasimama mbali na mikono kiunoni.

Kwa hiyo harufu haikutokana na tangi kukaa chini ya kiti. Ilitoka kwenye mpira, gasketi na tundu, na vitu hivyo vitatu ukivihamishia nyuma vitavuja vilevile, ila utakuwa huvisikii. Mimi hapo ndipo nilipogeuka. Harufu ile ilikuwa mlinzi wa bure.

Fundi akaja na wazo jipya: atalitoa tangi, ataliosha kwa maji, atachomelea kitako. Nikamwambia mdogo wangu, ukiwasha hiyo mashine niambie kwanza nifike Dodoma. Tangi tupu ni baya kuliko lililojaa. Mvuke wa petroli unawaka ukiwa asilimia 1.4 mpaka 7.6 ya hewa, na kwenye tangi lililomwagwa ndipo mchanganyiko huo unapopatikana, umejificha kwenye kutu na kona, maji ya kusuuza hayaufikii wote. Akacheka. Hajawahi kulipukiwa, anasema. Nikamwambia waliowahi hawapo kutuhadithia.

Ikabaki hivi: tangi limeoza, lazima jipya lipatikane, na maadam tunanunua, swali la mama linarudi mezani. Sikulikwepa. Land Rover yenyewe iliitengenezea 109 ya abiria tangi la nyuma, linakaa katikati ya vyuma vya chesisi, na nyuma yake kuna kile chuma kinene cha mwisho. Hilo ningelikubali. Huwezi kulifananisha na boksi la bati la fundi. Ila lina mambo yake: bomba la mafuta linakuwa refu, pampu ya injini inavuta kutoka mbali, na kwenye joto mafuta yanageuka mvuke njiani, gari linakufa katikati ya mlima na kabichi juu. Tena floti lake lazima likubaliane na geji, bomba la kupumulia liwepo, ekzosi isilikaribie.

Wiki hii nimezunguka Gerezani, Dar, siku nzima. La nyuma nimelipata moja tu, kuukuu, limebonyea, na kwenye kona limejazwa risasi ya kuungia. Nikaliacha. La chini ya kiti nimelipata jipya kabisa. Nikampigia mzee simu, akasema lete hilo kabla hujabadili mawazo.

Tumelifunga juzi. Mpira mpya wa mdomo, mpira wa mafuta wenyewe wa mafuta na klipu zake, gasketi mpya, tope limekwanguliwa. Chini ya mto lile bati limefungwa na utepe wa mpira pembeni mvuke usipande ndani. Mzee kaapa kila masika ikiisha atalala uvunguni na bomba la maji. Taa ya nyuma ya kulia nayo inawaka, nililipia mwenyewe nikaona imewaka.

Sidai gari sasa ni salama kama kitanda. Akipigwa ubavu wa kulia na kitu kizito, tangi liko palepale, nje ya chuma cha chesisi, kama zile za Wamarekani. Nimemwambia hivyo mbele ya mkewe. Likipatikana la nyuma lililo zima, mazungumzo yataanza upya, na nimeacha namba yangu kwa jamaa wa Gerezani.

Jana Mama Mdogo kafungua mlango, kaingiza kichwa, kanusa. Kanusa chini ya kiti, kanusa kwenye mto. Kazunguka upande wa pili, kanusa tena. Halafu kapanda, kakaa mbele, kafungua dirisha lote, kamwambia mzee: "Twende. Lakini sabuni zangu nimezihesabu."