Tuhesabu Kabla ya Kumtaja Jirani

Katika nchi za Ulaya tufani ya majira ya baridi huleta theluji. Sisi wa Kamina hatuijui theluji. Miezi yetu ya baridi, yaani Juni na Julai, ni mikavu, na mbingu hukaa safi. Tufani zetu huja pamoja na mvua, tangu Oktoba hata Aprili, nazo huja na umeme. Leo twataka kuwasimulia tufani moja tuliyoiandika katika daftari letu, na mambo yaliyofuata.

Kwanza mjue vyombo vyetu, maana si vya mabingwa. Tuna kopo lenye pande zilizonyooka, rula ya shule, saa ya mkono na daftari. Mvua ikikatika, twapima kina cha maji koponi. Umeme ukimulika, twahesabu sekunde mpaka tusikie ngurumo. Nuru hufika mara moja, lakini sauti husafiri kadiri ya mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo kila sekunde 3 ni kama kilomita 1.

Jumapili moja ya Novemba 2023 jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Ardhi ilipata joto, na hewa yenye unyevu ikapanda juu. Saa 7 mchana mawingu yaliinuka upande wa mashariki kama mlima, vilele vyake vyeupe, chini yake meusi. Huko juu kwenye baridi kali chembe za barafu hugongana, na kwa kugongana huko nguvu ya umeme hukusanyika.

Saa 8.10 tulihesabu sekunde 24: kilomita 8. Saa 8.25, sekunde 15: kilomita 5. Kisha upepo wa baridi ukavuma ghafula, mabati yakalia, na hesabu ikawa sekunde 6. Hapo ndipo tulipoingia ndani. Twakiri kwamba tulikosa: ilitupasa kuingia tangu hesabu ya kwanza, kwa sababu radi yaweza kupiga mahali palipo kilomita 10 mbali na mvua. Saa 8.45 mwanga na kishindo vilikuja pamoja. Mvua ilipokatika, kopo lilikuwa na milimita 38.

Mwembe wa jirani ulikuwa umepasuka toka kileleni hata shinani, na mbuzi 2 waliojikinga chini yake walikuwa wamekufa. Kabla ya giza kuingia watu walikwisha kumtaja mjane mmoja mzee, aliyegombana na mwenye mbuzi juma lile kwa ajili ya mihogo yake iliyoliwa. Vijana walianza kukusanyika mbele ya mlango wake.

Tulichukua daftari tukaenda. Tuliwasomea mahali 7 palipopigwa na radi katika misimu 3 ya mvua: miti mirefu 5, nguzo 1, na nyumba 1 iliyosimama peke yake juu ya mwinuko. Hapana hata mahali pamoja palipokuwa pafupi kuliko pa jirani. Mzee mmoja akatuuliza: «Haya, mwalimu, lakini kwa nini mti ule, na kwa nini siku ile?» Tulimjibu: «Kwa nini mti ule, twajua, baba: ndio mrefu kupita yote uani. Mbuzi waliuawa na umeme ulioshuka shinani ukapita ardhini mpaka miguuni mwao. Kwa nini siku ile, hatujui. Lakini tusichokijua hakitupi ruhusa ya kumtaja jirani.»

Tuliwakumbusha pia msiba wa Machi 2018 katika wilaya ya Nyaruguru, Rwanda, ambako radi iliua watu 16 waliokuwa kanisani wakisali. Na mwaka 2011 huko Uganda, katika shule ya Runyanya, iliua wanafunzi 18. Je, watoto wale waligombana na nani?

Si wote walioridhika. Mjane yule alilala kwetu usiku ule, na siku ya tatu akarudi kwake salama. Mwenye mbuzi mwenyewe ndiye aliyemsindikiza.

Basi, wazazi na wanafunzi, shikeni haya. Hesabu ikiwa chini ya sekunde 30, ingieni katika nyumba imara au ndani ya motokari iliyofungwa. Msikimbilie mti, wala msisimame mtoni au shambani. Kaeni ndani mpaka zipite dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Na mtu akipigwa, msimwogope: mwili wake haubaki na umeme. Ikiwa hapumui, mbonyezeni kifua katikati kwa mikono miwili, kwa nguvu na kwa haraka, bila kukoma, huku mwingine akiita msaada. Wengi wangepona kama wenzao wasingalisimama mbali kwa hofu.

Amri ya nane yatukataza kumsingizia jirani, hata radi ikiwa imepiga. Mwanafunzi mwenye daftari na rula aweza kuanza msimu huu huu. Aandike saa, sekunde na mahali palipopigwa, naye ayasome hayo nyumbani kabla watu hawajaanza kutafuta wa kulaumiwa.