Kijumba cha Udongo na Sarufi ya Mtoto

Imekuwa ada katika shule nyingi za chekechea nchini kuvihesabu vipande vya kujengea, mchanga na vijiti kuwa vitu vya kumshughulisha mtoto mpaka wakati wa somo uwadie. Mzazi akimkuta mwanawe wa miaka minne ana tope mikononi, huuliza karo yake imekwenda wapi. Akimkuta ameinamia daftari akinakili herufi, huridhika. Mwalimu naye, kwa kuchelea lawama, huufupisha mchezo. Hasara ya jambo hili kwa akili na viungo vya mtoto imekwishazungumzwa na wataalamu wa malezi. Ipo hasara nyingine inayoipata lugha, nayo yawahusu wasomi wa Kiswahili moja kwa moja.

Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeasisi shule ya watoto wadogo huko Blankenburg mwaka 1837 na kuipa jina la Kindergarten mwaka 1840, aliwapa watoto vipande vya mbao wajengee. Lakini hakuwapa mbao tupu: mlezi alitarajiwa kuzungumza na kuimba na mtoto mchezo ukiendelea. Siku hizi mbao zimegeuka plastiki, na mazungumzo yamesahaulika.

Na tazama mchezo wenyewe unavyobeba sarufi. Mtoto anayejenga kijumba cha udongo ana haja ya kusema kwamba ndani mna mama, mlangoni pana mbwa, na huko nyuma kuna mbuzi. Hiyo ndiyo ngeli ya mahali, ambayo mwanafunzi wa chuo kikuu huikariri kwa jasho, kisha akitoka darasani anasema “kuna” kwa kila kitu. Mtoto hupanga mawe akayapangua. Huezeka paa, likimchukiza akaliezua. Kauli ya kutendua imo viganjani mwake kabla hajajua kuandika jina lake. Nyumba ikiwa kijumba na mti ukiwa kijiti, udogishaji nao umekwisha kufundishwa, tena bila ubao.

Msamiati nao ni hivyo hivyo. Kiswahili hakitosheki na kitenzi kimoja cha kutengeneza. Nyumba hujengwa, chombo cha baharini huundwa, chungu hufinyangwa, mkeka hushonwa baada ya ukili kusukwa. Katika nyumba ya udongo ya Pwani nguzo hukitwa, fito hufungwa, ukuta hukandikwa, paa hupauliwa kisha huezekwa makuti. Ni wanafunzi wangapi wa shahada ya Kiswahili wawezao kueleza kombamoyo ni nini pasipo kufungua kamusi? Methali ya ufa na ukuta wanaijua wote, maana hutahiniwa.

Wapo watakaosema kwamba mtoto wa kijijini hucheza kwa lugha ya mama yake. Ni kweli, na ni haki yake. Hoja hii inawahusu hasa watoto wa miji kama Mombasa, Nakuru na Nairobi, ambao nje ya lango la shule huzungumza Kiswahili, ilhali ndani ya lango vipande vya plastiki huhesabiwa na kutajwa rangi kwa Kiingereza peke yake. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, umeipa michezo nafasi yake. Gharama si kisingizio: vizibo, mabua ya mahindi na masanduku ya kiberiti hayauzwi. Wingi wa watoto mbele ya mwalimu mmoja ndio tatizo la kweli, na halitatatuliwa na makala.

Hata hivyo, vyama vya Kiswahili vyuoni vina uwezo ambao havijautumia. Wiki ya Kiswahili hupita kwa mijadala na ughani wa mashairi, mambo mazuri yote. Siku moja kati ya hizo ingetosha kuwapeleka wanachama kwa mafundi wa ujenzi, wayanakili maneno yanavyotoka vinywani mwa wenye kazi: timazi, pimamaji, mwiko, kutomea, kupiga lipu. Orodha itakayopatikana, pamoja na ile ya nyumba za makuti, ipelekwe kwanza kwa mwalimu wa chekechea iliyo jirani na chuo, kabla ya kuwekwa maktabani.