Kalamu ya Babu Iliyopauka

Katika masanduku ya wazee wetu huonekana mara kwa mara kalamu ya wino ya zamani, imefungwa katika kitambaa pamoja na barua na vyeti. Hapo kwanza ilikuwa nyeusi tititi, yenye kung'aa. Sasa imekuwa ya rangi ya kahawia, au ya kijani kama tope la mtoni. Mjukuu akiikuta hudhani imeshika uchafu. Basi huitia katika bakuli la maji ya moto yenye sabuni, kisha huisugua kwa msasa. Jioni kalamu ni mbaya kuliko ilivyokuwa asubuhi, na jina la babu lililochorwa ubavuni limefutika. Jina hilo halirudi tena. Kwa hiyo juma hili twapenda kuwaeleza namna ya kuitunza kalamu ya jinsi hiyo.

Kwanza tujue ni kitu gani. Si mti, si pembe, wala si plastiki: ni mpira. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua ya kuwa mpira ukipikwa pamoja na salfa, yaani lile jiwe la manjano liitwalo pia kiberiti, haulainiki tena kwa joto wala haukakamai kwa baridi. Ndugu yake Nelson alizidisha salfa, akapata kitu kigumu cheusi, na mwaka 1851 Serikali ya Marekani ikampa hati ya kuulinda uvumbuzi wake. Kitu hicho huitwa eboniti, kwa kufananishwa na abunusi, mti mweusi kama mpingo. Katika ratili tatu za eboniti, karibu ratili moja ni salfa. Shikeni neno hilo, maana ndilo asili ya matata yote.

Lewis Edson Waterman wa New York alipata hati ya kalamu yake ya wino mwaka 1884, na kwa miaka mingi kampuni yake ilitengeneza kalamu za mpira huo, kwa sababu wino hauuli. Ilipofika miaka ya 1920 viwanda vikubwa vilianza kuuacha na kutumia seluloidi, yenye rangi nyingi. Basi mji wetu ulipoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, jina lililobadilishwa kuwa Lubumbashi mwaka 1966, kalamu nzuri ya karani ilikuwa kwa kawaida ya mpira mweusi.

Nasi watu wa Kongo hatuwezi kuutazama mpira wa zamani zile kama kitu kigeni. Tangu mwaka 1885 hata 1908, nchi hii ilipokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, watu wa misituni walilazimishwa kugema utomvu wa mimea itambaayo juu ya miti. Waliopungukiwa waliadhibiwa vikali, na wengi walikufa. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, aliyaeleza mateso hayo katika taarifa iliyotolewa mwaka 1904. Mpira wenyewe uliuzwa Antwerp, ukaingia katika viwanda vya Ulaya. Mali iliyogharimu jasho na damu namna hiyo yastahili kushikwa kwa adabu.

Sasa, mbona kalamu hupauka? Vueni kifuniko chake mtazame. Mahali palipofunikwa mara nyingi ni peusi bado, na nje pamepauka. Kama ungekuwa uchafu wa mikono, ungejaa palepale vidole vishikapo. Kumbe adui ni mwanga. Mwanga wa jua huilegeza salfa iliyofungamana na mpira. Salfa hiyo hukutana na hewa na unyevu, ikageuka kuwa asidi juu ya kalamu. Wanaofanya kazi katika viwanda vya shaba vya Katanga waijua asidi ya salfa, ambayo huyeyusha shaba kutoka katika mawe yake. Katika kalamu ni chembe ndogo tu, lakini hizo nazo hula pete na kishikizo cha kifuniko. Nasi twakaa juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ambapo jua ni kali hata siku za baridi.

Basi, mwenye kuirudisha kalamu hiyo katika hali njema na afuate mambo haya.

Asiiloweshe. Maji huyeyusha ile asidi na kuzidisha weupe na ukijani wa ngozi iliyokwisha kuharibika. Maji ya moto huweza hata kuipinda. Wino uliokauka ndani utolewe kwa maji baridi, yakitiwa kidogo kidogo upande wa nibu tu, na nje ipanguswe mara moja. Kalamu yenye kikono cha chuma ubavuni ina kifuko laini cha mpira ndani. Kikono kikikataa kuinuka, asikilazimishe: kifuko kimekuwa kigumu, nacho shurti kibadilishwe na fundi.

Kabla ya kusugua, atafute jina na mistari iliyochorwa, aviandike katika karatasi. Sehemu hizo zisiguswe. Penginepo asugue kwa kitambaa kikavu chenye dawa laini sana ya kung'arishia, pole pole, kisha atazame kitambaa. Ile rangi ya kahawia iliyobaki juu yake si uchafu; ni kalamu yenyewe inayotoka. Kila akisugua, aipunguza. Kwa hiyo msasa ni mwiko, na dawa ya meno pia haifai. Afadhali kalamu ya kahawia yenye jina kuliko kalamu nyeusi isiyo na mwenyewe.

Wako na wale wanaopaka rangi nyeusi au dawa ya viatu. Kwa kalamu yako mwenyewe, hiyo ni kuficha kidonda bila kukiponya, nayo huchafua vidole. Ukiipaka ili kumwuzia mwingine pasipo kumwambia, umemdanganya.

Mwisho, kinga ni bora kuliko tiba. Kalamu ikae katika mtoto wa meza, mbali na dirisha, katika kitambaa kikavu. Isiyotumika itolewe wino. Inayotumika ipanguswe jasho kila jioni, kwa maana unyevu ni rafiki wa yule adui.

Ninyi wanafunzi mliopewa kalamu kama hiyo, msiione haya mbele ya wenzenu wenye kalamu mpya. Tieni wino wa kawaida wa kalamu, wala si wino mzito wa wachoraji, ambao huziba njia ukikauka. Kisha mwulizeni mzee kalamu hiyo iliandika nini: barua zipi, hesabu zipi, majina ya watoto gani. Yaandikeni majibu yake kwa kalamu ileile, angali hai wa kuwasahihisha.