Kisichobebeka si sanamu?

Siku hizi ukitaka sanamu yako isifiwe, tia neno moja tu kwenye maelezo yake: endelevu. Okota chupa, kandambili na vyuma chakavu, unganisha kitu chenye macho mawili, halafu sema kina roho ya mababu. Waandishi wa sanaa, mimi nikiwemo, tutakuja mbio na kamera.

Sina ugomvi na kandambili. Flipflopi, jahazi lililojengwa Lamu na kushushwa majini kwa tani 10 za taka za plastiki na kandambili 30,000, ni kazi ya mafundi hasa, na ilisema jambo la kweli kuhusu bahari. Ninachokataa ni hii hadithi kwamba sanamu inayoheshimu ardhi na mizimu kwa pamoja imezaliwa jana, tena mijini, na sisi wa huku Manyara kazi yetu ni kuisubiri ifike.

Naandika nikiwa Mutuka, Babati. Ukishika barabara ya Singida, saa moja na ushee unaingia Katesh, nchi ya Wabarbaig. Wengi wetu bado tunawaita Wamang'ati, neno la Kimaasai lenye maana ya maadui, ambalo wenyewe hawalipendi. Akifariki mzee mwenye heshima kubwa, ukoo unaweza kukubaliana kumfanyia bung'eda. Hayo si mazishi ya siku tatu na pilau. Ni shughuli ya takribani miezi tisa. Juu ya kaburi hujengwa kilima cha miti, udongo na samadi ya ng'ombe, tabaka juu ya tabaka, mpaka kinampita mtu kimo. Pombe ya asali inaandaliwa, nyimbo zinaimbwa, umati unakusanyika kukamilisha kilele. Kisha kilima kinaachwa. Mvua inakila, nyasi zinaota, taratibu kinarudi kuwa ardhi. Mahali penyewe panabaki patakatifu, na watoto wa ukoo hurudi pale kuomba.

Sasa hebu tukipime kwa vigezo vyetu vya kisasa. Malighafi iko hatua chache tu. Gundi ni samadi. Usafirishaji hakuna, taka hakuna. Kuchakaa kumo ndani ya kazi yenyewe tangu mwanzo. Na maana ya kiroho haikubandikwa baadaye kwenye karatasi ya maonyesho, maana bila hiyo hakuna ambaye angebeba hata fungu moja la udongo. Linganisha na mpingo, mti unaohitaji miaka 70 na zaidi kukomaa, tunaoukata ili shetani wa Kimakonde akae kwenye rafu ya mtalii. (Nawapenda mashetani wa Kimakonde, na kwa George Lilanga nacheka kila mara. Lakini hesabu ya miti ni hesabu.)

Tulizifanya nini bung'eda? Tulizilima. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali kwa msaada wa Kanada ilianzisha mashamba ya ngano kwenye tambarare za Basotu, chini ya shirika la NAFCO, mpaka yakafikia kama ekari 100,000. Wafugaji walipoteza malisho yao bora, na trekta zikapita juu ya makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 1985. Wanasheria wameiandika sana kesi hiyo kama kesi ya ardhi. Sisi wa sanaa kimya, kana kwamba hakuna kilichovunjwa zaidi ya vichuguu.

Najua nitakachojibiwa: lile ni kaburi, siyo sanamu. Sawa, basi tuvuke mpaka twende kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya. Vigango vyao ni nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka wafu wa chama cha Gohu. Navyo ni vya mizimu, navyo viliachwa vioze palepale vilipochomekwa. Ila kigango kinang'oleka. Kikaibwa, kikauzwa, kikaishia kwenye makumbusho ya Marekani, na huko hakuna aliyeuliza kama ni sanamu au siyo. Kilipewa taa na kioo. Makumbusho ya Denver yalipoamua kurudisha vigango 30, habari ikawa kubwa duniani. Yaani kinachotoshea kwenye kontena ni sanaa na kisichobebeka ni udongo! Kigezo hicho alikiweka mnunuzi, na sisi tukakimeza kizimakizima.

Ndiyo maana simlaumu sana dereva wa trekta. Aliona kichuguu kwa sababu hakuna kitabu, gazeti wala mwalimu aliyewahi kumwambia kwamba pale mbele pana kazi ya mikono ya watu wengi, ya miezi tisa. Hiyo kazi ya kumwambia ilikuwa yetu.

Wazo hili nilimpelekea kwanza mhariri mmoja. Akataka picha. Nikamwambia lile ni kaburi la baba wa watu, kupiga picha kunahitaji kwenda kuomba ruhusa kwa ukoo, na huenda wakakataa. Akafikiri kidogo, akasema basi tuandike ile ya chupa.