Daftari la Bwana

Frederick Douglass alifariki mwaka 1895 bila kujua alizaliwa lini. Huyu ni mtu aliyehutubia halaiki Marekani na Uingereza, akaingia Ikulu kuzungumza na Abraham Lincoln, lakini hata uzeeni alikuwa bado anaulizia umri wake kule Maryland alikozaliwa mtumwa. Mwenyewe alikisia 1817. Miaka mingi baada ya kuzikwa, mwandishi wa maisha yake alipekua madaftari ya Aaron Anthony, bwana wake wa kwanza, akamkuta humo: Frederick Augustus, mwana wa Harriet, Februari 1818. Tarehe aliyoitafuta maisha yake yote ilikuwapo muda wote, katika hesabu za mali ya mtu mwingine.

Nimesoma makala za toleo hili moja baada ya nyingine, na daftari lile halikunitoka akilini. Tumekusanya maandishi kuhusu Wamarekani Weusi, fasihi yao, na dhuluma ambayo nchi yao haijamaliza kuilipia. Hoja ninayoitanguliza ni kwamba dhuluma hii iliandikwa. Ilikuwa na karani, ilikuwa na fomu, ilikuwa na muhuri. Ukiisoma kama chuki iliyomo mioyoni mwa watu tu, utaona nusu yake.

Chukua karatasi ya sensa ya watumwa ya mwaka 1850. Safu ya kwanza ni jina la mmiliki. Zinafuata umri, jinsia, na rangi, ambayo ni herufi moja: B kwa mweusi, M kwa chotara. Iko safu ya waliotoroka na safu ya walioachwa huru. Ya jina la mtumwa haipo. Katika rasimu ya fomu ilikuwapo. Maseneta wa Kusini wakaipinga, ikaondolewa. Mwaka 1860 karibu watu milioni nne walihesabiwa namna hiyo. Ndiyo maana Mmarekani Mweusi anayetafuta wazee wake leo hufika salama hadi sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika kwa majina wale waliokuwa wametoka utumwani, na hapo mara nyingi njia hukatika. Nyuma ya hapo kuna mwanamke, miaka 30, M, chini ya jina la mtu aliyemnunua. Sisi ambao mgeni akipiga hodi huulizwa kwanza ni mtoto wa nani, tukae na karatasi hiyo kidogo kabla ya kufungua ukurasa unaofuata.

Wafasiri wetu walibishana wiki mbili juu ya neno moja la Kiingereza, “race”. Kamusi inatupa “mbari”, lakini mbari kwa wengi wetu ni ukoo, watu wa babu mmoja. Lililozoeleka ni “rangi”, kwa sababu tulikua tukisikia redioni habari za ubaguzi wa rangi kule Afrika Kusini. Wengi wao walitaka “rangi” litumike kila mahali. Mimi nilikataa, na naomba kueleza kwa nini.

Tarehe 7 Juni 1892, fundi viatu wa New Orleans aitwaye Homer Plessy alikata tiketi ya daraja la kwanza na kuketi katika behewa la weupe. Hakuna aliyemshangaa, kwa maana kwa sura alikuwa mweupe. Katika wazee wake wanane wa kizazi cha tatu, mmoja tu alikuwa Mwafrika. Ilibidi ajulikane kuwa mweusi kwanza ndipo akamatwe, na kamati ya wananchi iliyompeleka garini ilikuwa imelipanga hilo kabla, ili sheria ya Louisiana ifikishwe mahakamani. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa kuwatenga watu si kosa mradi huduma ziwe sawa, na uamuzi huo ukahalalisha shule mbili, hospitali mbili na mabomba mawili ya maji kwa zaidi ya nusu karne. Sasa ukiita jambo hilo “rangi”, utamweleza nini msomaji kuhusu Plessy? Konda hakuona rangi yoyote. Sheria iliona nasaba.

Mfano wa pili uko karibu nasi. Kwa tafsiri ya sensa ya Marekani, mtu wa asili ya Oman huhesabiwa mweupe, hata kama ni mtu wa Unguja ambaye kwao hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Ni Machi 2024 tu serikali yao ilipoamua kuwa watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini wapewe kisanduku chao kwenye fomu. Na Mbembe wa Kivu Kusini, aliyekaa miaka katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu akiulizwa kabila lake, anashuka uwanja wa ndege kule na kukuta kisanduku kimoja kinamngoja, kile kile cha vitukuu vya watumwa wa Maryland. Kwa hiyo katika toleo hili utakuta “rangi” pale ngozi inapozungumzwa, na “asili” pale sheria na fomu zinapozungumzwa. Neno “asili” haliridhishi kila mtu. Mimi mwenyewe bado silioni limetosha.

Kalamu ile ile iliyojaza fomu hizo ndiyo iliyochora ramani za nyumba. Miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilipaka rangi mitaa ya miji ya Marekani kwa kiwango cha hatari. Mitaa ya watu weusi karibu yote ilipakwa nyekundu, na wakala wa serikali aliyedhamini mikopo alikataa kudhamini nyumba za humo. Kule nyumba ndiyo shamba na ndiyo ng'ombe wa familia ya kawaida: hununuliwa kwa mkopo, hupanda thamani, husomesha watoto, hurithiwa. Sheria iliyokataza ubaguzi huo ilikuja mwaka 1968, wakati babu alishanyimwa na baba hakurithi kitu. Mwaka 2022 familia ya kati ya weupe ilikuwa na mali ya dola 285,000. Ya weusi, dola 44,900. Anayesema hayo yalishapita atuonyeshe ni mwaka gani pengo hilo lilizibwa.

Waandishi wao wamekuwa wakilijibu daftari hilo tangu mwanzo, na wamekuwa wakidaiwa ushahidi tangu mwanzo. Mashairi ya Phillis Wheatley yalipotoka mwaka 1773, kitabu kilibeba tamko lililotiwa saini na waheshimiwa wa Boston, gavana akiwamo, kuthibitisha kwamba binti huyu mtumwa ndiye aliyeyatunga. Harriet Jacobs alichapisha kisa cha maisha yake mwaka 1861, na baadaye, kwa miaka mingi, wasomi wengi waliamini ni hadithi iliyobuniwa na mwanamke mweupe, mpaka mtafiti Jean Fagan Yellin alipopekua barua za Jacobs na kuwanyamazisha. Toni Morrison alilibeba jambo hili hadi ndani ya riwaya. Katika Beloved, ya mwaka 1987, bibi mzee anaitwa Jenny na bwana wake kwa miaka, kwa sababu ndivyo hati ya mauzo ilivyosema, na anapoachwa huru ndipo anapouliza kwa nini anaitwa hivyo. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara huacha kusoma kidogo.

Lugha yetu nayo ina sehemu yake katika kujibu huko. Maulana Karenga alipoanzisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi, mwaka 1966, nguzo yake ya pili aliiita Kujichagulia, na maana aliyoipa ni pamoja na kujipa jina mwenyewe. Ni neno ambalo sisi hulisikia sokoni, muuza mitumba akimwambia mteja ajichagulie. Kule lilibebeshwa watu milioni nne wasio na safu. Miaka michache baadaye mshairi wa Chicago akaanza kusaini Haki Madhubuti, na mwingine wa Newark, Amiri Baraka. Douglass alikuwa amewatangulia: jina hilo alilichukua baada ya kutoroka mwaka 1838.

Mpangaji wetu wa kurasa alipendekeza tuweke kwenye mabano majina waliyozaliwa nayo waandishi hawa, ili msomaji asipotee. Tumeyaacha kama walivyoyaandika wenyewe.